Visigino vya Chepkemoi

Kericho, kwenye majani chai
Septemba 1956

Kwa mama yangu mpendwa,

Chamgei, mama. Nakusalimu kwa heshima, wewe na wote wa hapo Sigor, pamoja na ndugu yangu Jonah ambaye najua ndiye anayekusomea. Jonah, soma polepole, na usiruke mahali hata ukiona haya. Mama, goti lako linaendeleaje? Ng'ombe wamepata nyasi? Huku mvua haituachi, nguo hazikauki, lakini tu wazima. Baba Chepkemoi bado yuko kiwandani, na bado ni mzee wa kanisa. Mimi bado ni yaya kwa bwana meneja.

Umeuliza kwa nini sijamleta Chepkemoi kwa yule mzee wa kuchoma visigino kwa chuma. Najua tulikubaliana. Mtoto ana miaka sita, na tangu aanze kutembea anatembea kwa ncha za vidole, visigino juu, na wenzake hapa kambini wanamcheka. Sijasahau. Lakini tangu Mei kumetokea mambo ambayo hata mimi sijui niyaite nini, ndiyo maana nimechelewa kujibu.

Memsahib wa bwana meneja alianza kuwakusanya watoto wa wazungu sebuleni kila Jumatano, wasichana watupu. Wanaume wote walitolewa nyumbani, hata mpishi. Mapazia yakafungwa. Wasichana walivaa nguo nyeupe za namna moja, nywele zimefungwa nyuma, naye memsahib akasimama mbele yao na fimbo. Mama, wewe ungefikiri nini? Mimi niliona wazi kwamba wazungu nao wana tumdo yao ya wasichana, na hawa wanafundishwa kabla ya kutahiriwa. Nilishangaa tu kwamba wanaanza wadogo hivyo, wengine hata meno ya utoto hayajang'oka. Nikakaa jikoni na mlango nimeufunga, maana mambo hayo hayachunguliwi. Niliwahurumia sana. Walipotoka niliwapa biskuti nyingi kuliko kawaida.

Basi siku moja memsahib akamwona Chepkemoi akipita uani kwa vidole vyake. Akaniita, akasema huyu naye aingizwe. Moyo ulinipasuka. Nilimwambia sisi ni watu wa kanisa, mambo hayo tuliyaacha, tena mtoto ni mdogo. Akasema miaka mitano au sita ndiyo hasa ya kuanza, akingoja mpaka kumi na miwili mwili utakuwa mgumu. Nikamwambia kwetu hata hiyo kumi na miwili ni mapema. Akashangaa, akauliza kwetu nani anafundisha. Nikasema ni kina mama wazee, tena kwa siri. Akafurahi mno, akasema angependa kuwaona wakifundisha. Hapo nilichoka, nikamwuliza wazi wasichana wake watakatwa mwezi gani. Memsahib alikaa kwenye kiti cha jikoni akawa mwekundu.

Kumbe ni ngoma, mama. Wanaiita bale. Fimbo ni ya kugonga sakafu ili miguu ifuate muziki wa santuri. Na wanaume walitolewa kwa sababu watoto waliona aibu kutazamwa.

Sasa nilikuwa nimetoka kwenye moto nikaingia kwenye moshi. Unajua kanisa letu. Anayecheza ngoma hatengewi nafasi kwenye Meza ya Bwana, na mume wangu ndiye anayeandika majina ya wanaotengwa. Lakini memsahib alinieleza mambo yaliyonichanganya zaidi. Alisema mtoto mdogo hasimamishwi kwa vidole kabisa mpaka mifupa ikomae. Miaka ya kwanza ni kukunja magoti polepole huku visigino vimekaa chini, kunyoosha mgongo, kusikiliza, na kukumbuka kipi kinafuata kipi. Watoto wake wanamlilia kila wiki awaruhusu kusimama kwa vidole, naye anawakatalia. Wangu amezaliwa huko juu, na anaambiwa ashuke!

Mama, niseme ukweli, naogopa kile chuma. Nilikuwa nikiamka nikimsikia mtoto akilia kabla hata hajachomwa. Kwa hiyo nilikubali.

Anamfundisha peke yake kwenye chumba cha pasi wale wengine wakishaondoka. Chepkemoi anashika meza, anaunganisha visigino, anashuka na kupanda. Mwanzoni alilia kwa maumivu nyuma ya miguu, na memsahib akamwacha apumzike bila kumvuta. Siku hizi halii. Nyumbani anashika ukingo wa kitanda mpaka kinayumba. Hainamishi kichwa tena akisalimia watu, na wimbo akiusikia mara moja anaushika.

Jumapili moja mwezi uliopita alibeba mahindi ya sadaka kwenda mbele, na visigino vyake viligusa chini. Kanisa zima liliona. Mchungaji alisimamisha wimbo, akamwambia mtoto aonyeshe Bwana alivyomtendea. Naye akashika benchi, akaunganisha visigino, akakunja magoti. Watu wakadhani anapiga magoti kuomba, nao wakapiga magoti. Wa kwanza kupiga nilikuwa mimi, nimefumba macho kwa hofu. Sasa wanataka nitoe ushuhuda Jumapili hii, nieleze maombi yetu yalivyomponya.

Kwa hiyo sikia ninalokuambia, mama, ambalo sijamwambia hata mume wangu. Mtoto wako anachezesha mwanawe ngoma ya wazungu, na Chepkemoi simleti Sigor kuchomwa. Sijui kama nimetenda dhambi. Niliomba pia, tena kila siku, na huenda Mungu alisikia akamtuma mwanamke mwenye fimbo. Sielewi. Lakini Jumapili nikisimama nitataja ngoma. Wakinitenga, na mume wangu wakamvua uzee wa kanisa kwa ajili yangu, usimkasirikie mjukuu wako.

Jambo moja limenitatiza zaidi ya yote. Jana baba Chepkemoi alitoka kiwandani na kijiti kirefu amekilainisha kwa randa, hakina hata mwiba. Akakipigilia ukutani kando ya kitanda, akakitikisa kuona kama ni imara. Nilimwuliza ni cha nini. Akasema ni cha kuanikia taulo. Mama, taulo tunayo moja, na kijiti kinafika kifuani mwa mtoto.

Wasalimie wote kwa majina yao. Chepkemoi anakusalimu wewe kogo wake, anasema atakuja akiwa mkubwa kidogo. Mungu akulinde goti na macho.

Ni mimi binti yako,
Rebeccah Chelimo