Fimbo za Baba na Baridi ya Januari

Nyumba ya 14, Mtaa wa Kanisa,
Thornby Fen,
Lincolnshire, Uingereza.
20 Januari

Mpendwa mdogo wangu Keith,

Pokea salamu kutoka huku kwenye barafu. Natumaini wewe, Michelle na watoto ni wazima, na mgongo wako umeacha kukusumbua tangu ulipobeba lile friji peke yako kama kijana wa miaka ishirini. Sisi hatujambo. Shemeji yako Graham anakohoa kidogo lakini anakula kama kawaida, kwa hiyo simhurumii sana. Najua huko Perth, Australia, mmevaa kaptula na mnalalamikia jua. Huku leo asubuhi nimevunja barafu kwa kisigino kwenye bakuli la maji ya ndege.

Najua pia unachosubiri kusikia. Tulia. Baba mzima. Habari za fimbo zake za kuvulia zinakuja, ila usirukie mwisho wa barua kama ulivyozoea.

Nakumbuka vizuri tulivyokubaliana kwenye simu. Baada ya baridi ya mwaka jana kumpiga Baba mapafu kule bwawani hadi akalazwa, ulitaka fimbo ziuzwe kabla theluji haijaanza. Mimi nikakuomba siku moja tu. Nimpeleke mwenyewe, nimrudishe kabla ya giza, na glavu zisitoke mikononi mwake hata kidogo. Akirudi anatetemeka, fimbo zinauzwa na mimi sifungui mdomo tena.

Wewe hukumwona alivyokuwa, Keith, na sikulaumu, uko mbali. Tangu tulipozihamishia zile fimbo kwenye banda letu la gari aliacha kunyoa ndevu. Alikuwa anakaa mbele ya televisheni isiyo na sauti, mapazia yamefungwa mchana kutwa. Nikimuuliza anywe chai ya namna gani, ananijibu, "Yoyote." Baba yetu huyu, aliyekuwa akimrudishia Mama kikombe akigundua tu kwamba maziwa yametangulia kumiminwa kabla ya chai! Hiyo "yoyote" ilinitisha kuliko kikohozi chake chote.

Basi nilipomwambia kwamba Jumanne tunakwenda bwawani, alinitazama kama nimechanganyikiwa.

"Nani karuhusu?"

"Keith."

"Keith! Yule aliyetupa ndoana akanasa suruali yake mwenyewe, akalia mpaka nyumbani?"

Usikasirike. Ndiyo mara yake ya kwanza kucheka tangu msimu wa majani kudondoka, na aliyemchekesha ni wewe bila kuwepo.

Kuanzia hapo akawa jenerali. Alinimwagia kabati zima la nguo kitandani akaanza kuchagua. Sufu karibu na mwili, pamba hapana, kwa sababu pamba ikilowa jasho inakugeuka. Kofia ya kufunika masikio. Halafu buti. Hapo ndipo nilipojua kilichomponza mwaka jana. Alivaa soksi jozi tatu ndani ya buti lake la kila siku, mguu ukabanwa kama soseji, damu ikashindwa kupita, baridi ikapanda kutoka chini. Wavuvi wa huku wote wanaijua hatari hiyo na kila mwaka kuna mmoja anayeirudia. Safari hii ametwaa buti za Graham zilizo kubwa kwake, jozi mbili za soksi, basi. Graham amebaki na viatu vya kanisani.

Suala la chambo nalo lilinitia aibu. Nilikwenda dukani nikarudi na mfuko mzima wa yale matonge ya unga ya kuchemsha yenye harufu ya stroberi, nikadhani nimemfurahisha. Baba alifungua, akanusa, akaufunga.

"Hii ni karamu ya mwezi wa saba, mwanangu. Sasa hivi samaki wetu karpu yuko chini kwenye tope, tumbo limelala. Ukimwekea sahani ya pilau hata hainui sharubu. Mletee kitu kidogo kinachochezacheza."

Maana yake funza. Funza weupe, hai, kwenye boksi la plastiki, na boksi linakaa kwenye friji ili wasigeuke nzi kabla ya siku yao. Nikaliweka rafu ya chini, nyuma ya jibini. Graham akarudi kazini ana njaa, akalitoa akidhani ni wali wa jana. Sitakueleza zaidi, ila alishafika kwenye kijiko. Baba alicheka mpaka nikaogopa kikohozi kitarudi.

Pamoja na funza tulichukua kopo moja la mahindi matamu, kwa sababu Baba anasema maji ya baridi huwa meupe na samaki huona mbali, na punje moja ya njano inaweza kumvuta hata asiyekuwa na njaa.

Jumanne yenyewe ilikuwa kavu, jua limetoka lakini halina kazi. Matete yote yalikuwa na umande ulioganda. Dougie, mlinzi wa bwawa, unamkumbuka, yule mwenye mbwa anayechechemea, alitufungulia lango akamkumbatia Baba. Nilitaka tukae karibu na gari. Baba akakataa. Alitupeleka upande wa kaskazini, ambako jua linapiga maji na ukingo unazuia upepo. Nikatandika kile kipande cha zulia la ngazi ya zamani chini ya miguu yake, nikamwingiza kwenye mfuko wa kulalia, nikampa chupa ya mpira ya maji moto aikumbatie, nikafunga zipu mpaka kifuani.

Na glavu. Zile nene. Ukiwa na glavu zile huwezi kushika hata kijiko, sembuse funza. Kwa hiyo kazi ya mikono ilikuwa yangu, kazi ya kichwa ilikuwa yake.

"Mtoboe huku kwenye upande mnene, pale juu kabisa. Taratibu! Akifa, ameacha kucheza, na akiacha kucheza tumekuja kuota jua."

Nikatoboa. Nikatupa ndoana, nikarusha na konzi ya funza wa kuwavutia samaki.

"We Lorna! Unamlisha au unamzika?"

Nikarudia kwa kudonoa, kama ninatia chumvi.

Kisha tukakaa. Keith, sijawahi kukaa na Baba namna ile tangu Mama atutoke. Tulikunywa supu ya nyanya kutoka kwenye themosi. Ndege kifua chekundu alikuja akasimama juu ya boksi, akala chambo chetu bila haya, na Baba akamwita mpangaji. Akaniambia kwamba Mama hakuwahi kupenda uvuvi hata siku moja, alikuwa anakuja ili kumwangalia yeye akisahau shida zake za kiwandani. Mimi sikulijua hilo. Wewe ulilijua?

Mchana ukapita bila hata mguso. Nikaanza kutetemeka miguu. Mimi, si yeye. Nilikuwa nimevaa soksi jozi tatu, nikidhani sheria ya soksi ni ya wazee. Baba alinitazama nikikanyaga-kanyaga, akasema nitoe jozi moja kabla sijawa mgonjwa yeye akabaki na kazi ya kuniuguza. Nilipotoa, vidole vikapata uhai. Nikajifanya natafuta themosi. Afadhali hivyo kuliko kumpa raha ya kusikia nakubali.

Tulikuwa tunakaribia kufungasha virago pale king'ora kidogo cha fimbo kilipolia. Baba akaruka, au tuseme alijaribu. Zipu ikakwama.

"Zipu! Zipu, Lorna! Hapana, achana na zipu! Shika fimbo!"

Nikashika. Kitu kule chini kilikuwa kizito, kinavuta polepole kuelekea katikati.

"Usimvute! Si mkokoteni huo! Mwache aende. Mpe. Mpe! Sasa mrudishe. Aaa, binti yangu, hivyo hivyo!"

Dougie aliacha chai yake akaja na wavu, akamzoa. Alikuwa karpu wa kawaida tu, si wa kupigiwa picha ya gazeti, mgongo wa rangi ya shaba na tumbo kama siagi. Mimi nilimwona mzuri kupita kiasi. Tukamlaza kwenye godoro la kulazia samaki, lililoloweshwa maji, Dougie akamtoa ndoana.

Sasa hapa, mdogo wangu, soma polepole.

Unajua kwamba huku karpu haliwi bali hurudishwa majini, na hashikwi kwa mkono mkavu wala kwa glavu, kwa sababu ule utelezi wake ukitoka anaugua. Unalowesha mikono kwanza ndani ya bwawa, hata kama bwawa linataka kuganda. Baba ndiye aliyetufundisha hivyo kabla hajatufundisha kufunga kamba za viatu. Alikuwa ameshajinasua kwenye ule mfuko, amepiga magoti kando ya samaki. Akatazama glavu zake. Akanitazama mimi. Nikajua kwamba anaijua ahadi niliyokupa.

"Mshike wewe, Lorna. Mimi nitaangalia tu."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kwa sauti ile ile ya "yoyote," na moyo wangu ukashindwa kuivumilia. Nikamvua glavu kwa mikono yangu mwenyewe, moja, kisha ya pili.

Aliichovya mikono bwawani bila kukunja uso. Akamnyanyua yule samaki chini chini, karibu na godoro. Keith, mikono ile inayomwaga chai kila asubuhi haikutikisika. Akamnong'oneza kitu ambacho sikukisikia, akamrudisha majini, akamshikilia wima mpaka alipojiondokea mwenyewe kwa mkia wake.

Mikono ilipotoka majini ilikuwa myekundu na migumu. Niliikausha kwa skafu yangu, nikafungua koti, nikaitia kwapani kwangu, mmoja kila upande, nikafunga koti juu yake. Kama alivyokuwa akitufanyia sisi, pale pale, mkono wako kwapa hili na wangu kwapa lile. Tulisimama hivyo kwa muda. Nililia kidogo. Nadhani naye pia.

"Imepona," akasema hatimaye. "Niachie sasa, Dougie anatutazama."

Tulifika nyumbani giza halijaingia. Sikulala vizuri wiki nzima nikisikiliza kama atakohoa. Hajakohoa. Asubuhi iliyofuata nilimkuta amenyoa ndevu. Nikamtengenezea chai, nikampelekea sebuleni. Alionja, akakunja uso, akanirudishia kikombe.

"Nani katanguliza maziwa?"

Nikaenda kuimwaga na kutengeneza nyingine, na jikoni nilicheka huku machozi yananitoka. Sijawahi kufurahi namna ile kwa kugombezwa.

Kwa hiyo ukweli ndio huo. Ahadi ya glavu nimeivunja, na ningeivunja tena. Fimbo zimerudi kwenye korido mbele ya chumba cha Baba, zimeegemea mlango kila mgeni anajikwaa. Ukikasirika, nikasirikie mimi. Ila nina ombi. Dougie amesema hataacha chai yake kila mara, na mimi siwezi kushika fimbo, wavu na Baba kwa pamoja. Ile likizo uliyosema utaitumia kupaka nyumba rangi, njoo nayo huku. Anakosekana mtu wa wavu.

Nisalimie Michelle, na watoto, hasa yule mdogo aliyemchorea Baba kangaruu. Picha iko kwenye friji, juu tu ya wale funza. Graham anakusalimu na anaomba umletee buti. Mungu awalinde nyote katika jua lenu, na atupe sisi mabwawa yasiyoganda mpaka utakapofika.

Dada yako akupendaye daima,
Lorna

Baba ameisoma barua hii yote, hata pale nilipomsema. Anasema buti ulizo nazo zitakubana, utafute zilizokupita kidogo, na soksi ni jozi mbili. Mbili, Keith.