Bampa za Gari la Baba

Jumatatu, 3 Machi

Nimechomelea tangu asubuhi. Macho yanawasha. Mabano ya bampa tayari, nimeyakata kutoka springi kuukuu ya lori.

Bampa zenyewe hazipo. Kaka yangu Ombati alizifungua nikiwa gereji kwangu Kiogoro, akazipeleka kwa watu wa vyuma chakavu. Anajua alichofanya. Baba mdogo alitamka mbele ya ukoo: gari la marehemu Baba ni la atakayelirudisha barabarani likiwa kamili kufikia Jumapili. La sivyo, liuzwe. Ombati tayari ana mnunuzi.

Gari la Kimarekani, milango miwili, silinda nane. Injini niliifufua mwenyewe hapa Gesima, nikilala kwa Mama. Zimebaki bampa tu. Basi nitazitengeneza.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata bampa ya lori la mawe lililopinduka Tabaka. Nene, imekwaruzika, nzuri. Nimeipasua kwa urefu, ikatoa mbili. Nataka nyembamba, zinazobana bodi, si kama zile za awali zilizochomoza mbele kama meza. Baba angenuna. Anune huko aliko.

Kona ndizo kazi. Chuma kinapigwa kikiwa chekundu juu ya kitu chenye umbo, na mbao itaungua. Mchongaji Nyabuto atanichongea kona mbili za jiwe la sabuni, ya kulia na ya kushoto. Jiwe hilo ni laini kuchonga, na halijali moto.

Alhamisi, 6 Machi

Nyabuto ameleta kona mbili za kulia. Hata msasa amezipiga. Miaka yote anawachongea wafanyabiashara tembo, safu nzima ikitazama upande mmoja. Mkono umezoea. Nilitamani kumrushia moja.

Baadaye nikaigeuza moja juu chini. Ikawa ya kushoto, ila mkunjo wa chini umekuja juu. Nimeusugua kwa tupa kwenye zote mbili mpaka ukaisha. Bampa zangu hazitakuwa na mkunjo. Bora hivyo.

Ombati alipita akacheka. Ati msichana harithi gari, ataolewa aende nalo kwa watu. Nina miaka arobaini na moja. Niligonga chuma kwa nguvu zaidi.

Ijumaa, 7 Machi

Ya mbele imekaa. Ya nyuma ilibakiza nati za upande mmoja jua lilipozama. Sabato imeingia. Kwa Mama nyundo haigongwi. Nilifikiria kulisukuma gari hadi kwa jirani Mkatoliki nimalizie huko. Nilifikiria kabisa. Nimeweka spana chini. Ombati simwogopi, lakini Mama sitamvunjia heshima.

Jumamosi, 8 Machi

Kanisani. Ombati aliomba sala ndefu kuhusu amani ya familia. Mnafiki.

Jumapili, 9 Machi

Ombati alifika kabla ya baba mdogo, yeye na mnunuzi na lori la kubebea. Nilikuwa chini ya gari. Nikasikia mnyororo ukifungwa kwenye bampa yangu ya mbele. Nikatoka na spana mkononi. Sijui ningefanya nini.

Mama akapita katikati yetu na gambuti zake za kuchumia chai. Akafungua mlango, akaketi kiti cha mbele.

"Pakia," alimwambia Ombati. "Pakia gari na mimi ndani. Halafu umtajie huyo mgeni bei yangu."

Mnunuzi ndiye aliyefungua mnyororo.

Baba mdogo alipokuja nilikuwa nimekaza nati ya mwisho. Niliendesha hadi lami nikarudi, Mama akiwa ndani. Mzee alizunguka gari, akapiga bampa teke, akasema hazifanani na za zamani. Nikamwambia ni kweli, hazifanani. Akasema gari limekamilika, ni langu. Ombati aliondoka bila kunywa chai. Sikumbembeleza.

Jumatatu, 10 Machi

Manyunyu. Nimempeleka Mama kituo cha kuuzia majani chai, gunia nyuma, yeye mbele. Njiani aliniambia kwamba enzi za Baba hakuwahi kuketi hapo. Kiti hicho kilikuwa cha wageni. Yeye alipanda nyuma na ndizi.

Tulipofika hakushuka. Watu walikuwa wanatuangalia. Nilizima injini, tukakaa.