Mablanketi ya Mama Uwanjani

Jumanne, 14 Septemba

Kesho mechi ya mwisho ya kriketi msimu huu. Siku nne. Wageni wa Kaskazini wameshafika, wanazungukazunguka pichi yangu, ule ukanda wa katikati ya uwanja wanaposimama wapigaji, na kuibonyeza kwa vidole kama wanunuzi wa embe. Bonyezeni! Ngumu, kavu, rangi ya mkate. Mpigaji akiangushwa, yaani akitolewa mchezoni, aulaumu mkono wake.

Hesabu ni rahisi, hata Terry msaidizi wangu anaielewa. Tukishinda, au siku nne zikiisha bila mshindi, tunabaki daraja la kwanza. Tukifungwa, tunashuka. Na mkataba wangu unaisha mwezi huu. Nyumba ninayoandikia ni ya klabu. Nilizaliwa chumba cha juu, enzi za Baba akiwa mtunza uwanja kabla yangu. Miaka hamsini na minne nafungua pazia naona nyasi zilezile.

Redio inasema mvua. Na iseme.

Jumatano, 15 Septemba

Aibu! Wapigaji wetu wote kumi wameangushwa kabla ya chai, mikimbio, yaani pointi, mia na arobaini tu. Nahodha ananung'unika kwamba pichi ina walakini. Nikamwambia pichi haishiki gongo la kupigia.

Wageni wanapiga wanavyotaka. Mawingu yanatokea magharibi. Maturubai ya kuifunika pichi tumeyasogeza tayari, magurudumu ya gari lake nimeyatia grisi mwenyewe.

Alhamisi, 16 Septemba

Mvua tangu alfajiri. Pichi ilikuwa salama chini ya turubai, lakini uwanja uliobaki – supu. Terry na mimi tukashika kamba ndefu, mmoja huku mmoja kule, tukaiburuta juu ya nyasi ili maji yadondoke. Kazi ya Baba hiyo, na ya babu. Mashine ya kunyonya maji ikakohoa mara mbili ikazima. Basi ndoo, mpira wa kusukumia maji, unga wa mbao.

Shida ni palepale: Bwawa. Ndivyo tunavyopaita, pale palipobonyea mbele ya madirisha ya chumba cha kamati ya klabu. Mwamuzi mkuu, Bwana Pollitt, mrefu, mkavu, hacheki hata akipewa keki, akakanyaga kwa kisigino. Maji yakapanda kuzunguka kiatu. Akatikisa kichwa. Saa sita, hivyohivyo. Saa nane akakubali.

Bi Enid, shabiki wetu wa siku zote, alikaa muda wote kwenye kiti chake chini ya mwavuli, akifuma soksi. Ana miaka themanini na mmoja. "Glenys," akaniambia, "mimi nimekuja kuangalia kriketi. Turubai ninalo nyumbani."

Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Mimi nayazoa, ndiyo kazi yangu.

Wageni wamemaliza na mikimbio mia tatu na kumi. Kesho tunapiga tena.

Ijumaa, 17 Septemba

Sijui nianzie wapi. Nina hasira mpaka penseli imevunjika.

Asubuhi jua. Watu wetu sita wakaanguka kama nguo kwenye kamba iliyokatika. Tumebakiwa na wanne, na wageni bado wako mbele. Saa nane radi, kisha mvua ya kupiga kama mawe. Mchezo ukasimama mpaka jioni. Kesho wageni wanahitaji kuwaangusha wanne tu. Yaani kesho kukiwa na mchezo, tumekwisha. Uwanja usipokauka, tumepona.

Mwenyekiti, Bwana Selwyn, akanifuata kwenye banda la rola ya kushindilia pichi. Hajawahi kuingia humo, aliinua miguu kama jogoo kwenye matope.

"Glenys, mwanangu." (Kanizidi miaka miwili!) "Kesho usijiumize. Mgongo wako huo. Uwanja ukikataa kukauka, nani atakulaumu?"

"Uwanja wangu haukatai," nikamwambia.

Akatabasamu. Akasema kamati inakaa Jumatatu kuzungumzia ile nyumba, na kwamba wangependa sana niendelee kukaa. Kisha akaenda kusafisha viatu.

Nataka tubaki daraja la kwanza! Nani anataka kuliko mimi? Lakini tubaki kwa kupiga mpira, si kwa mimi kujifanya naumwa mgongo.

Nikaenda kwa Baba kwenye makao ya wazee. Nilitaka aniambie kitu kimoja tu: kausha. Yeye ndiye Wilf Hobday, mtu ambaye mji mzima unasimulia jinsi mvua ya mwaka 1981 ilivyotuokoa tusishuke daraja, na jinsi alivyohangaika na ndoo siku nzima.

Akazima redio. Akasema, "Ile mvua ilikwisha saa tatu asubuhi, Glen. Iliyotuokoa haikuwa mvua. Ilikuwa mimi."

Sikuelewa. Akanieleza polepole. Kamati ya wakati ule ilimwambia atembee taratibu, akatembea taratibu. Aliburuta kamba palipokuwa pakavu. Unga wa mbao akasema umekwisha, na magunia mawili yalikuwa bandani. "Nilikuwa na wewe na mama yako. Na nyumba ilikuwa yao, kama leo."

Miaka yote hiyo! Nimejifunza kazi kwa mtu huyu! Nikamwachia chai yake ikipoa, nikaondoka bila kumbusu.

Potelea mbali wote. Kesho nakausha.

Jumamosi, 18 Septemba. Saa tatu asubuhi

Mvua imekatika. Simu ililia saa kumi na mbili kamili. Baba. Hakuniambia pole, hakuomba radhi.

"Yale mablanketi ya sufu ya mama yako bado yako juu ya kabati?"

"Yapo."

"Yafunge kwenye rola ndogo. Pitisha Bwawani, kamua, pitisha tena. Yananywa kuliko mashine. Mwaka ule nilikuwa nayo. Sikuyatoa."

Akakata simu. Nimelia dakika mbili hivi. Sasa basi.

Saa saba mchana

Mablanketi manne, la kijani ndilo la kitanda chao. Terry anasukuma, mimi nakamua. Mikono imekufa ganzi. Pollitt kaja mara mbili, mara mbili katikisa kichwa, lakini mara ya pili alitikisa kidogo.

Mablanketi yalipolowa kabisa nikaingia chumba cha kamati na Terry, tukavingirisha lile zulia lao jekundu tukalitoa nje. Terry akauliza, "Bosi, una hakika?" Nikasema sijawahi kuwa na hakika hivi. Tukalipitisha Bwawani mbele ya dirisha lao. Selwyn alikuwa ndani ameshika sandwichi. Haikufika mdomoni.

Bi Enid ameteremka na taulo yake ya jikoni. Amepiga magoti kwenye matope, na soksi mfukoni! Nimemwambia ainuke atapata baridi. "Nina hiari yangu," kanijibu, na akaendelea kufuta.

Saa kumi na moja na nusu. Nimekaa kwenye gari la turubai

Naandika haraka. Saa nane na nusu Pollitt alikanyaga Bwawa kwa kisigino mara nne. Kiatu kikatoka kikavu.

"Nani kakausha hapa?"

"Mama yangu," nikamwambia.

Akaniangalia, kisha akawaita wachezaji.

Watatu wameanguka. Nilijua. Kila mmoja amenichoma, sitaki kusema uongo hapa. Kuna watu nyuma yangu wanaolitaja jina langu kwa sauti ili nisikie. Nasikia! Semeni!

Amebaki Tandy, na mwenzake upande wa pili, maana wapigaji husimama wawili wawili na wa mwisho hapigi peke yake. Tandy ni mrusha mpira, miaka thelathini na sita, goti bovu, kupiga hajui. Yeye au mwenzake akianguka, tumeshuka. Wakisimama mpaka saa kumi na mbili, tumebaki, na hakuna atakayesema tulibebwa na mvua. Dakika ishirini tayari amezuia kila mpira – kwa gongo, kwa paja, mmoja kwa mbavu. Simama, ndugu yangu. Simama!

Wingu limefika juu ya mnara wa kanisa. Jeusi. Turubai halitoki mpaka waamuzi waseme, lakini mtunza uwanja akianza kulivuta, waamuzi hutazama juu, na wakishatazama juu mchezo umekwisha, tumebaki kwa mvua. Selwyn anajua. Ameteremka mpaka kwenye uzio.

"Glenys! Vuta! Huoni mvua?"

Naiona. Tone limeangukia hapa, juu ya neno mvua.

Terry ananiuliza kwa macho. Pollitt amefuta miwani yake, hajasimamisha mchezo. Tandy hatazami juu. Anagonga chini kwa gongo lake, mara mbili, anamsubiri mrusha mpira wa wageni. Huko makaoni Baba ana redio sikioni.

Selwyn ananyoosha mkono kuitafuta kamba ya turubai. Haioni. Nimeikalia.