Kaza Magoti

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kile kikohozi kimekuachia. Mimi sijambo, ila mapaja yananiuma mpaka nakaa kitini kama bibi kizee.

Mabanda ya farasi bado nasafisha, lakini kuna jipya. Mwalimu wa kupanda farasi anatafuta msaidizi wa kufundisha watoto, na atamchukua mmoja kati yetu watunzaji: mimi au mwenzangu tunayemwita Kijiti. Sharti lake ni moja. Mwisho wa mwezi tukimbize farasi mwendo wa shoti, uwanja mzima, bila kushika tandiko. Kutembea naye najua, kudundadunda naye najua. Ila akiinua mabega tu aanze shoti, moyo unaniruka. Nimepewa jike jekundu. Tunamwita Shangazi kwa sababu hapendi kuharakishwa na hakosi la kunung'unika.

Nimemwambia Mwalimu asihangaike nami, baba yangu alikimbiza farasi kabla sijazaliwa. Tangu siku hiyo wenzangu wameacha kunicheka. Basi nifundishe, Baba. Kazi hii naitaka sana.

Kitindamimba wako

13 Machi

Kitindamimba wangu,

Marahaba. Huku hatujambo. Mama yako anakusalimu na anakusihi ule. Kikohozi kipo, tumeshazoeana.

Umefanya vyema kuniuliza mimi. Sikiliza. Shoti ni magoti. Kaza magoti kwenye tandiko kama unataka kulivunja, inamia mbele, vuta hatamu ziwe fupi. Mwalimu akikwambia ulegeze, mwitikie tu, halafu fanya ninavyokwambia mimi. Farasi akijua unamwogopa atakudharau. Mimi nilikimbiza dume jeusi mpaka mwenye mali akavua kofia.

Usinitie aibu.

Baba yako

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Pole na kikohozi. Naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zimelewa.

Nilikaza. Mwalimu alipiga kelele nilegeze, nikamwitikia kama ulivyosema, nikazidi kukaza. Shangazi alidhani namhimiza. Nilivyozidi kumbana ndivyo alivyozidi mbio, na nilipovuta hatamu akarusha kichwa. Kwenye kona nikachomoka juu ya tandiko, nikaangukia bega. Mfupa umevunjika. Kazi amepata Kijiti.

Mwalimu alikuja chumbani kwangu, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akauliza nani alinifundisha vile. Nikasema ni baba yangu. Akasema, bila ubaya wowote, kwamba ukimtazama mpandaji kutoka nje ya uzio utadhani anakaza magoti. Aliyewahi kukaa juu hata siku moja anajua magoti yakikazwa yanamtupa.

Tangu hapo naifikiria ile picha yako ya sebuleni. Farasi amesimama tuli, wewe umeshika kiuno, na pembeni kuna mkono wa mtu ameshika kamba. Nimeitazama tangu utotoni na ule mkono sikuwahi kuujali.

Niambie kweli, Baba. Uliwahi kumkimbiza farasi?

Kitindamimba wako

30 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Pole sana na bega. Mama yako amelia siku nzima. Huku mvua imeng'oa bati la jikoni, nimelirudisha mwenyewe.

Huyo farasi ni mbaya, nilijua tangu uliponiambia rangi yake. Na Mwalimu wako anampendelea huyo Kijiti, hilo liko wazi. Ukipona rudi, ukaze zaidi.

Kuhusu swali lako, mtoto hamhoji baba yake.

Baba yako

19 Agosti

Baba,

Bega limeunga. Jana nimezunguka uwanja wote kwa shoti, nikiwa juu ya Shangazi, mikono yangu mbali na tandiko. Kijiti ndiye aliyenifundisha, jioni baada ya kazi, naye hakunidai chochote wala hakunicheka. Kazi ya kufundisha ni yake, na anaistahili. Mimi bado nasukuma toroli la samadi.

Nakuandikia usije ukalisikia kwa mtu mwingine. Na majirani wakiuliza, usiwaambie ulinifundisha wewe. Hilo ndilo ninaloliomba.

Kitindamimba

1 Septemba

Mwanangu,

Marahaba, ingawa safari hii hukuniamkia.

Majirani sijawaambia kitu. Kule nilikofanya kazi, mpiga brashi farasi kama mimi hakuruhusiwa kuweka mguu kwenye kikuku cha tandiko. Nilimtandika yule dume jeusi kila asubuhi, nikamfungulia lango, nikasimama pale pale mpaka arudi. Ndivyo ilivyokuwa kwetu sote.

Nina neno moja. Akianza kukimbia, inakuwaje pale juu? Nieleze vizuri, usifupishe. Mama yako sitamsomea, nitaisoma peke yangu.

Baba yako

11 Novemba

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, isipokuwa kukiwa na baridi bega hunichoma. Mwambie Mama sweta imenifikia na inanitosha, na kwamba nakula.

Barua yako nilikuwa nayo muda wote huu. Mara mbili nilianza kukuandikia inavyokuwa, nikachana. Mwezi wa Machi ungeniandikia tu kwamba hujui, ningekueleza kila kitu, hatua kwa hatua, tangu siku ya kwanza. Nisingechoka. Tungejifunza pamoja, mimi huku na wewe huko.

Sasa nimejifunza bila wewe. Hilo la pale juu, Baba, sikuelezi. Usiniulize tena.

Msalimie Mama.

Binti yako