Kikohozi cha Mama kwenye Kaseti

Jumapili, 3 Agosti 2025

Mama Kui, jirani wa ghorofa ya chini, amebisha hodi. Kwa upole, lakini nimejua ni malalamiko. Eti ninakatakata mboga mchana kutwa? Nikamwonyesha kinanda cha umeme mezani, na hedifoni shingoni. Kumbe yeye husikia tok-tok-tok ya vidole tu! Akakitazama. "Na mbona hakilii?" Nikataka kumvisha hedifoni asikie. Alikuwa ameacha maharagwe motoni. Akashuka.

Miezi sita tangu nirudi Huruma, Nairobi. Ulaya nimepiga piano kwenye kumbi za watu mia nane. Hapa bado hajanisikia mtu.

Jumanne, 5 Agosti

Wamekubali! Ile kampuni ndogo ya rekodi kule Ulaya. Albamu yangu ya kwanza — sonata mbili nilizorekodi mwaka jana, na mwishoni rekodi yangu ya kwanza kabisa. Ile ya kanisani Baba Dogo, nikiwa na miaka kumi na sita. Mwalimu Mbugua wa kwaya aliweka redio kaseti juu ya kiti, akabonyeza, akaniambia cheza. Ameitunza kaseti miaka kumi na minane. Obonyo, fundi wa sauti wa Donholm, ndiye aliyeiingiza kwa kompyuta akawatumia.

Nimeruka chumbani kama mtoto. Halafu nikashika simu nimpigie — nani?

Nikaiweka.

Jumatano, 6 Agosti

Wametuma rekodi ikiwa "imesafishwa". Nimesikiliza mara tatu. Kuna kitu hakipo.

Kikohozi cha Mama!

Mama alifanya kazi kiwanda cha nyuzi, vumbi la pamba likamkaa kifuani. Siku ile alikaa benchi la mbele. Kwenye sehemu ya polepole kikohozi kikamshika. Nilisimamisha mikono hadi amalize, ndipo nikaendelea. Wamefuta kikohozi, na ule ukimya wangu wakaukata. Sasa ninacheza moja kwa moja, kama mtu asiye na mama.

Picha zake ninazo. Sauti yake — haiko kwingine.

Nimewaandikia warudishe. Wamejibu upesi: ile ni kelele, itawasumbua wasikilizaji. Niidhinishe kama ilivyo kabla ya Jumatatu saa sita mchana, saa za huku, la sivyo albamu haitoki.

Ijumaa, 8 Agosti

Kwa Obonyo. "Niaje, Nangila! Si wameisafisha poa?" Nikamweleza. Akainamisha kichwa. Kumbe kaseti ilikatika mashineni alipomaliza kuihamisha. Ameogopa kuniambia, na Mwalimu Mbugua pia hajui. Lakini alikuwa amehifadhi nakala ya mwanzo, kabla haijaguswa. Akaitafuta karibu saa nzima. Akanipa hedifoni, akatoka nje bila kuambiwa.

Yupo. Anakohoa mara mbili. Ya tatu ameizima kwa leso. Na mwishoni kabisa, jambo nililokuwa nimelisahau — sauti yake, ya chini: "Imeisha?"

Mwalimu Mbugua: "Bado, Mama."

Nimelia kwa fundi wa watu mpaka akaniletea soda. Nimerudi na ile nakala kwenye flashi.

Jumapili, 10 Agosti

Sijaenda kanisani. Nimeshinda ndani.

Wacha niliandike, hakuna atakayesoma. Mama alipozikwa nyumbani Kimilili, miaka mitatu iliyopita, niliwaambia nimekosa ndege. Uongo. Ndege ilikuwepo. Nilikuwa na tamasha Jumamosi ile ile, na nilidhani wakinikosa mara moja hawataniita tena. Nilicheza. Watu walisimama kunipigia makofi.

Baba alijua. Alinipigia jioni: "Kama uliweza kucheza sisi tukimfukia, basi endelea kucheza." Akakata. Tangu hapo salamu hupitia kwa ndugu yangu Wamalwa.

Naogopa kuidhinisha. Naogopa pia kukataa. Nina miaka thelathini na minne, nani atanitafuta tena?

Jumatatu, 11 Agosti

Saa tano na robo. Nimempigia Baba.

"Nani?"

"Ni Nangila, Baba."

Nikauliza mahindi yakoje. Yako tu, akasema. Mvua? Ipo. Nikasema nina kitu cha Mama, naomba asikilize. Nikaweka simu karibu na spika ya kompyuta, palepale kwenye kikohozi.

Kikapita.

"Rudisha."

Nikarudisha. Akasema rudisha tena.

"Hapo alikuwa ametoka shifti ya usiku," akasema. "Hicho kikohozi ni cha shifti ya usiku. Hakuwa amelala."

Sikujua! Miaka yote hii — sikujua.

Nikajaribu kusema kuhusu mazishi. Baba, siku ile... Akanikatiza. "Na hicho kinanda, ni wewe unapiga?"

"Ni mimi, Baba."

Hajawahi kunisikia. Hata siku moja! Siku ya kaseti alikuwa Kimilili, na kumbini sikuwahi kumwalika.

Saa sita kasorobo. Barua pepe ya kampuni iko wazi kwenye skrini, sijajibu. Simu nyingine inaingia, namba ya ng'ambo. Nimeiacha iite.

"Sasa anza mwanzo kabisa," Baba amesema. "Hapo kabla hajakohoa."

Nimerudisha rekodi mwanzo. Simu iko mezani. Naandika huku namsikia anapumua —