Shavu la Mayu

Dada, nimemwita Kabula mwongo mbele ya wateja wangu wote, na kosa ni langu mimi mama yake.

Shikamoo. Nimeanza vibaya, lakini habari hii imenikaa kooni. Mgongo wako unaendeleaje? Shemeji hajambo? Sisi huku Segese wazima, wachimbaji wanakula bandani kwangu, sufuria hazipoi.

Unaijua ile picha ya marehemu mayu, mama yetu mzazi, iliyoliwa na mchwa nusu ya uso. Kabula aliichukua akaenda nayo chuoni Dar es Salaam, maana siku hizi wanasomea kuchora hata kwa kompyuta. Juzi kaleta mpya, mayu mzima, mashavu yote mawili! Nikaitundika bandani, nikatamba: "Mwanangu kachora kwa mkono wake! Nani ana mtoto kama huyu?" Kabula akaninong'oneza, "Mama, ngoja nikueleze." Nikamkatiza. Unanijua.

Fundi Shabani, yule anayechora mabango ya maduka, akaisogelea akacheka. "Mama Kabula, hii mashine! Binti kabonyeza tu." Banda zima kicheko. Badala ya kumeza aibu yangu nikamtupia mtoto: "Ndicho unachosomea, kubonyeza? Mashine inalijuaje shavu la mama yangu? Mwongo wewe!" Akachukua mfuko wake, akaenda Nyahanga kwa shangazi yake.

Kesho yake nafagia, nikakuta daftari lake. Kurasa na kurasa ni shavu lako, dada, kwa penseli! Pembeni kaandika: "Mama mkubwa hatulii, anacheka." Kwingine: "Kompyuta ikigeuza upande uliobaki kujaza ulioliwa, kovu la bibi linakuwa makovu mawili. Lazima nichore mwenyewe." Kumbe alikuja kwako Mhunze kukuchora wewe uliyefanana na mayu, ndipo akaingiza mchoro kwenye kompyuta. Na wewe ukanificha!

Nilikaa chini na ufagio wangu, nikalia.

Nimemfuata Nyahanga. Kanisikiliza, kisha kasema, "Nimekusamehe, mama. Lakini wale watu bado wanajua mimi ni mwongo."

Kweli. Nilimvunjia heshima bandani, nitamrudishia palepale, mbele ya walewale. Fundi Shabani nimeshamwambia aje. Wewe utakaa chini ya picha, watu waone shavu lilikotoka.

Msalimie shemeji, na mjomba aliyetulea, na Masanja mwanao, naye aje. Pika usipike, mimi nitapika.

Mdogo wako mwenye aibu, Mama Kabula, anawangoja nyote Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, mchana, banda likijaa.