Santuri ya Jalada la Kijivu

Kaka Paskali,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo nikatulia kidogo, kama mjinga, nikisubiri. Hukuwahi kuiacha shikamoo yangu bila jibu, hata siku ulizokuwa umenikasirikia. Uligeuza uso, lakini uliitikia.

Hapa Maretadu tupo. Siwezi kusema wazima. Maharage tumeshayapura na mwaka huu hayakuwa mabaya. Yule ng'ombe mwenye baka jeupe pajani amezaa jike, na ndama hana jina mpaka leo, maana Mama anasema kazi ya kuwapa ng'ombe majina ilikuwa yako na hajamwona wa kukurithi. Tunamwita Ndama. Naye anaitika, tufanyeje. Kombaini yako kule shamba la ngano wamempa Bura, uliyemfundisha mwenyewe. Nilikutana naye Katesh akaniambia inamgomea kila asubuhi, kisha akatazama chini, akaniaga haraka. Kila aliyekupenda ananiaga haraka siku hizi.

Lakini sikushika kalamu kwa ajili ya ndama wala kombaini. Nimeishika kwa sababu ya santuri. Ile ya kwanza ya bendi ya Vimbunga, yenye jalada la kijivu, uliyosema mtu mwenye akili zake hawezi kuinunua. Kaka, ulikosea. Na inaniuma kwamba nimelijua jambo hili wakati ambapo huwezi tena kunibishia.

Unaikumbuka Jumapili ile kambini? Mimi nilikuwa nimekuja kuwapikia nyinyi madereva msimu wa mavuno. Kazi yangu nyingine, ambayo hakuna aliyewahi kunishukuru, ilikuwa kuanika betri za gramafoni yako juu ya bati la jiko. Betri mpya zilikuwa adimu. Zikichoka tuliziweka juani, zikapata nguvu kidogo, tukazichosha tena. Wiki ile jua halikutoka. Mlima Hanang ulikuwa umejifunika wingu mpaka kiunoni, na upepo wa baridi ulipita kwenye ngano ukaja kutukata masikio. Nilizianika hivyohivyo, nikijidanganya kwamba hata wingu lina joto.

Sote tulikuwa wagonjwa wa Vimbunga. Ile santuri yao ya pili, yenye jalada jekundu, ilikuwa imepigwa redioni na imepigwa kwenye bwalo la wafanyakazi, mpaka wale mafundi wa Kizungu waliokuja na mitambo wakawa wanatikisa vichwa. Vijana wetu wenyewe, na roki ya magitaa ya umeme! Ya kwanza hakuna aliyekuwa ameisikia. Dereva mmoja aliiazima huko alikoiazima, akaileta kambini kabla ya kwenda likizo, akasema wewe ndiwe hakimu.

Ukaiweka. Mwimbaji akatoka na sauti nzito ya kuburuta, kama mzee aliyeamshwa kwenye kilabu cha pombe. Ngoma zikamfuata moja moja, kila moja ikifikiri kwanza. Tukatazamana. Kisha ukainuka, ukachukua mwiko wangu wa ugali ukaushika kama fimbo, ukaanza kuzunguka moto ukiimba naye kwa sauti ya kizee, unakokota miguu, na kila mwisho wa mstari unakohoa. Madereva walilala chini kwa kicheko. Mimi nilicheka mpaka nikalia, ugali ukaungua, nikasingiziwa uzembe. Upande wa kwanza haukuisha, betri zikafa. Nawe ukatoa hukumu: "Hii usinunue, Yasinta. Hawa walirekodi kabla hawajaamka."

Neno lako kambini lilikuwa zito kuliko la padri, maana padri tulimbishia. Hukumu ikapanda malori ya ngano, ikafika Basotu, ikafika Katesh. Hakuna dereva aliyeinunua santuri ile.

Msimu uliofuata kichomi kikakukamata hukohuko kwenye baridi. Siku zile siziandiki, wewe mwenyewe ulikuwepo. Walikuleta nyumbani kwa lori la ngano. Punje zilikuwa zimenasa kwenye mbao, na jeneza liliposhushwa zikamwagika uani, kuku wakazikimbilia. Mama, ambaye hakuwahi kumwacha kuku apite mbele ya wageni, hakuwafukuza.

Gramafoni yako aliifunga kwa shuka, akaisukuma uvunguni. Alishika miiko ya wazee kuliko tulivyotegemea: hatukwenda kwa jirani, hatukunywea kikombe cha mtu, hatukuimba. Baada ya arobaini padri alikuja akamwambia kwa upole kwamba imetosha. Mama akamjibu kwamba padri hakukuzaa. Padri akamaliza uji wake akaondoka. Kwa hiyo nyumba ilikaa bila wimbo, hata ule wa kupepetea mahindi. Kanisani Mama alikuwa anakwenda, lakini watu wakiimba yeye anakaa kimya, kichwa kimeinama upande mmoja. Nilijua ni mwiko.

Na ukimya ule ukanifanyia jambo ambalo sikulitegemea. Sauti yako ikaanza kunitoka. Uso wako ninao, ipo picha ya kitambulisho cha kazi. Mwendo wako ninao. Lakini sauti... Maneno yako yalikuwa yanakuja, ila yanakuja kwa sauti yangu mimi. Hukuacha mtoto ambaye labda angekuja kuibeba. Nikiwa peke yangu shambani nilijaribu kuita jina langu kama ulivyoliita, ukivuta ile herufi ya mwisho mpaka ng'ambo ya korongo, na alikuwa anaita mtu mwingine kabisa. Niliogopa, kaka. Niliona ni kama nakuzika mara ya pili, na safari hii hakuna majirani wa kusaidia kuchimba. Sikumwambia mtu.

Mwezi uliopita nilishuka Katesh mnadani kuuza maharage. Nikaingia dukani kwa Bwana Athumani, yule Mrangi anayeuza redio, vitenge na vitabu vya dini zote mbili. Alinipa pole kama vile msiba ulikuwa jana. Kisha akaniashiria rafu ya juu. Santuri ya kijivu ilikuwa pale, moja, jalada limepauka upande wa dirishani, wale vijana wanne wamesimama mbele ya ukuta bila hata mmoja kutabasamu. Akasema, bila ubaya, kwamba ni wewe uliyeikalisha pale. Kila dereva aliyeishika aliirudisha akisema Paskali ameikataa.

Nikamwuliza kama inafaa kununuliwa. Muuza duka haulizwi swali kama hilo, lakini niliuliza. Alivuta betri ya gari iliyotoka kuchajiwa kwenye mashine ya kusaga, akaunganisha nyaya, akaipiga.

Kaka, walikuwa macho. Walikuwa macho kuliko watu wote niliowahi kuwasikia wakishika gitaa. Ngoma zinakimbia. Yule mwimbaji si mzee, ni kijana mwenye sauti nyembamba na haraka zake, na kwenye wimbo wa tatu kuna gitaa linacheka lenyewe. Kwenye ile nyekundu wanajua kwamba tunawasikiliza. Kwenye hii ya kijivu bado wanapigiana wao kwa wao, hawajui kama kuna mtu mlangoni. Nisikudanganye, upande wa pili una nyimbo mbili za kulegalega, na kinanda wamekitia mahali ambapo hakuna aliyekiomba. Lakini ni santuri nzuri. Ningekuwa na ugomvi na wewe wa wiki nzima.

Nilisimama pale na gunia tupu mkononi, nikaelewa. Haikuwa bendi iliyolala. Zilikuwa betri zetu, zile nilizozianika mawinguni. Sahani ya gramafoni ilizunguka polepole kwa kukosa nguvu, ikamzeesha mwimbaji, na sisi, madereva na mpishi wao, tukawahukumu watoto wa watu. Nikacheka kwa sauti mbele ya wateja. Nikageuka nikuambie.

Niligeuka kabisa, kwa mwili wote, mdomo umeshafunguka. Nyuma yangu alikuwapo mama mmoja anapimiwa kitenge.

Bwana Athumani akanipa kiti. Nilipotulia akaniwekea santuri mapajani, akasema nichukue tu, tutaelewana. Nikairudisha. Nikamwambia ni nzuri sana, lakini siyo yenyewe. Hakunielewa, na sikuwa na nguvu ya kumweleza. Ndani ya ile inayokimbia wewe humo. Mzee mwenye mwiko hana nafasi, wimbo unampita kabla hajainua mguu.

Jioni nilimsimulia Mama tukipukuchua mahindi. Nilijua atanikemea kwa kusimama kwenye muziki. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akataka nirudie pale ulipokuwa unakohoa. Nikarudia. Akaweka gunzi chini, akasema: "Sauti yake mimi imenitoka, Yasinta. Nimeitafuta mpaka kanisani."

Kumbe haukuwa mwiko. Kumbe miezi yote ile, kichwa kikiwa kimeinama upande mmoja, alikuwa anakutafuta kati ya sauti za wanaume wa kwaya. Na mimi nikikutafuta shambani. Watu wawili, nyumba moja, kila mmoja amemficha mwenzake kitu kilekile. Tulilia hadi mahindi tukayaacha sakafuni. Asubuhi, kabla hata ya kukamua, aliniambia nikainunue.

Siku ya mnada nikashuka tena. Bwana Athumani alitaka niongeze na betri mpya, zilikuwa zimeingia, zinang'aa. Alishangaa mtu anunue santuri asinunue betri. Nikamwambia ninazo. Nilizokuwa nazo ni zile za redio ya Mama, zilizokwisha mpaka redio yenyewe imezikataa. Mama alizipanga mwenyewe juani juu ya bati, akawa anatoka kila mara kuzigeuza, akiwafukuza kuku wasipande. Ndiyo, siku hizi anawafukuza tena.

Jumapili baada ya misa tuliitoa gramafoni uvunguni. Shuka lilikuwa limeshika harufu ya nyumba, ndani bado inanuka dizeli yako. Sahani ikaanza kuzunguka kwa taabu. Naye akaja, yule mzee wa kambini, sauti ndogo, nzito, inaburuta. Mama aliniangalia. Mimi nilikaa nikingoja uje mwenyewe, kwa sababu ndivyo nilivyopanga, na hukuja. Alikuwa ni mwimbaji tu na ngoma zake zinazofikiri.

Nikaona itabidi nikufuate. Nikachukua mwiko.

Nikainuka, mwanamke mzima niliyeolewa na kurudi, nikaanza kuzunguka mafiga nakokota miguu. Mstari wa kwanza ulitoka kwa sauti yangu, nikaona aibu. Nikaishusha, nikabana koo, nikaimba wa pili, na mwishoni nikakohoa. Kikohozi kilikuwa chako. Sijui kilitoka wapi. Na mstari uliokuja nyuma yake ukatoka wako wote, pamoja na kile kicheko ulichokuwa ukikibana mwishoni ili watu wacheke kwanza. Mama akashika mdomo kwa mikono miwili. Akasema, "Huyo."

Nikaendelea kuzunguka. Sikuthubutu kusimama. Betri zikafa kabla ya upande kuisha, kama siku ile, na nyumba ikawa kimya, lakini haukuwa ule ukimya wa mwanzo. Mama alifungua gramafoni, akazitoa betri moja moja, akatoka nazo nje kuziweka juani.

Kaka, nakuaga sasa, ng'ombe wanarudi na Ndama analia. Bura akiniuliza kama santuri ya kijivu inafaa, nitamwambia inafaa, aagize yake, aipige kwa betri nzima, maana vijana wale wanastahili haki yao. Nitamwambia hakimu aliteleza, na kwamba kosa lilikuwa la mwanika betri. Hilo nalibeba mimi, wewe lala.

Lakini hapa Maretadu, chini ya bati hili, nakuahidi kwa niaba yangu na ya Mama: betri mpya hatutanunua.

Mdogo wako,
Yasinta